Njia za Wenyeji wa Jambiani: Kuzijua, Kuziandika na Kuzilinda

Mgeni anayefika Jambiani kwa gari huuona mji kwa urefu wake. Barabara inatoka Paje, inakwenda sambamba na bahari kuelekea Makunduchi, na nyumba zimejipanga pembeni mwake kama shanga katika uzi. Mwenyeji anayetembea kwa miguu huuona mji uleule kwa upana. Yeye hutoka pwani, akapita baina ya nyumba, akavuka barabara, akaingia makondeni, na mwisho akazama katika maweni ambako watu wamezoea kutafuta kuni, dawa za miti shamba, mawe ya chokaa na maji ya mapangoni. Barabara ya gari inakwenda kaskazini na kusini. Njia nyingi za wenyeji zinakwenda mashariki na magharibi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo hili. Viwanja vya ufukweni hupangwa kwa kufuata urefu wa pwani, kimoja baada ya chengine. Kwa hivyo kila kiwanja kinachopimwa hukaribia kukata njia iliyokuwa ikishuka baharini, hata pale ambapo mpimaji na mwenye kiwanja hawana nia mbaya. Njia ambayo haikuandikwa popote haimo katika ramani ya mpimaji, na jambo lisilokuwemo katika ramani huwa shida kulitetea baadaye. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Njia nayo ni mali, tena ni mali ya watu wengi.

Njia ya asili ni ipi?

Si kila kijia kinachoonekana katika majani ni njia ya asili. Ng'ombe hutengeneza vijia, na watoto hutafuta mikato ya kufikia skuli mapema. Katika somo hili, njia ya asili ni ile yenye sifa tatu. Kwanza, ilikuwapo kabla ya kiwanja, ukuta au jengo lililopo sasa. Pili, hupitwa na watu wengi bila ya kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Tatu, inakwenda mahali ambapo jamii ina haja napo: diko la vyombo vya uvuvi, kisima, pango, makonde, makaburi, msikiti au mji jirani.

Kwa Jambiani, njia hizo zinaweza kugaiwa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni njia za pwani, ambazo wavuvi huzitumia kuteremka na madema, nyavu na makasia, na wanawake huzitumia kwa kilimo cha mwani, kuchokoa pweza na kuzika makumbi. Kundi la pili ni njia za makonde na maweni, zinazopita baina ya kuta za mawe zilizojengwa kuzuia wanyama waharibifu. Kundi la tatu ni njia za maji na mapango. Kundi la nne ni njia za mji kwa mji, zilizowaunganisha wakaazi wa Jambiani na Paje, Makunduchi, Muyuni na pwani ya magharibi kabla ya kuwapo gari.

Njia za kundi la kwanza zinafaa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndizo zinazobanwa kuliko zote. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani hii ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo walimaji wengi wamekuwa wanawake. Kazi yao hufuata maji. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali, nao huwa na saa chache tu za kufunga mbegu, kuvuna na kubeba kabla ya maji kurudi. Mwani mbichi ni mzito, na hubebwa kwa kichwa au kwa magunia.

Chukuliwe mfano wa mama mmoja ambaye njia yake ya kawaida imefungwa, akalazimika kuzunguka mita 400 zaidi ili kufika palepale. Akienda na kurudi mara nne kwa siku, ameongeza safari nane za mita 400, yaani mita 3,200. Nusu ya masafa hayo atayatembea akiwa na mzigo. Hakuna aliyemnyang'anya shamba lake la baharini, lakini sehemu ya saa zake za maji kupwa imechukuliwa, na saa hizo hazina fidia.

Ushahidi wa ukongwe: Pango la Kuumbi

Baadhi ya watu hudhani kwamba neno "kale" linahusu majumba ya Mji Mkongwe, magofu ya Unguja Ukuu au msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Jambiani inayo hazina iliyo kongwe kuliko hizo zote. Katika maweni yaliyo magharibi ya makaazi lipo Pango la Kuumbi, ambalo lilichimbwa mwaka 2005 na wanaakiolojia wakiongozwa na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 uchimbaji mwengine ulifanywa na watafiti wa mradi wa Sealinks, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Uchunguzi wa tabaka za udongo wa pango hilo umeonesha kwamba binaadamu walilitumia zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo kina cha bahari kilikuwa chini sana kuliko leo, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Miongoni mwa mifupa iliyopatikana imo ya wanyama ambao hawapo tena kisiwani, kama vile punda milia na nyati. Zilipatikana pia zana za mawe na ncha zilizochongwa kwa mifupa. Baada ya bahari kupanda na kisiwa kutengana na bara, kiasi cha miaka 10,000 hivi iliyopita, pango linaonekana kuachwa kwa muda mrefu, kisha likatumiwa tena na watu wa zama za chuma katika milenia ya kwanza ya tarehe ya sasa. Wataalamu hawakukubaliana katika kila jambo. Hoja ya kuwapo kwa mifugo katika pango hilo tangu zama za mbali sana, iliyotolewa baada ya uchimbaji wa mwanzo, haikuungwa mkono na matokeo ya uchimbaji wa baadaye. Mabishano ya namna hiyo ni ya kawaida katika elimu, na ni sababu nyengine ya kulihifadhi pango na mazingira yake ili maswali yaliyobaki yapate kujibiwa.

Somo kwa upande wa njia ni hili. Pango halikai peke yake. Watu walifika hapo kwa kupita mahali fulani, wakabeba maji, nyama, kuni na samaki wa pwani. Hakuna awezaye kudai kwamba kijia kinachokwenda Kuumbi leo ndicho kilekile cha wawindaji wa kale. Mimea, makonde na matumizi ya watu hubadilika. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba pango lilijulikana na kutumiwa na wenyeji kabla halijaandikwa katika vitabu vya wataalamu, na ujuzi huo ulibebwa na miguu ya watu waliokuwa wakienda na kurudi. Kulilinda pango na kuiacha njia yake ipotee ni sawa na kuhifadhi kisima na kukata kamba ya ndoo.

Kwa nini njia hupotea

Sababu ya kwanza ni mabadiliko ya maisha. Maji ya mfereji yalipofika majumbani, safari za kwenda visima vya mapangoni zilipungua. Gari zilipozidi, njia za mji kwa mji ziliachiwa wachache. Njia isiyopitwa kwa misimu miwili au mitatu ya mvua huanza kufungwa na vichaka, na kijana ambaye hakupata kupelekwa huko na babu au bibi yake hana habari kwamba iliwahi kuwapo.

Sababu ya pili ni namna haki za ardhi zilivyobadilika. Katika mila za miji ya kusini mwa Unguja, haki zilikuwa na tabaka. Mtu mmoja aliweza kuwa na minazi, mwengine akawa na nyumba chini ya minazi hiyo, wa tatu akalima konde karibu yake, na wote pamoja na majirani wakapita njia moja bila ya kuulizana. Hati ya kiwanja huelekea kuzikusanya haki hizo katika mikono ya mtu mmoja. Mipaka minne ikishachorwa, ndani yake panaonekana pana mwenyewe mmoja tu, na tabaka ya mpita njia hufutika bila ya mtu kuamua kuifuta.

Sababu ya tatu ni ukimya. Mara nyingi njia huwa imekwisha kupotea kabla ya jiwe la kwanza la ukuta kuwekwa, siku ile mpimaji alipopita na asiwepo mtu wa kumuonesha. Malalamiko huja baada ya ukuta kukamilika, wakati ambapo fedha zimekwisha kutumika na kila upande umekwisha kukaza msimamo. Njia iliyoandikwa kabla ya upimaji hugharimu matembezi ya asubuhi moja; njia inayodaiwa baada ya ujenzi huweza kugharimu miaka ya kesi.

Sheria na taasisi zinazohusika

Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya asili yote ya Zanzibar ni mali ya umma na imekabidhiwa kwa Rais. Wananchi na wawekezaji hupewa haki ya kuitumia. Jambo hili lina pande mbili kwa njia za asili. Upande mmoja ni wa faida: kwa kuwa ardhi ni ya umma, hoja ya kubakisha mapito ya umma ina msingi mzuri. Upande mwengine ni wa hatari: njia haina hati wala mwenyewe anayejulikana kwa jina, hivyo hakuna anayepelekewa taarifa pindi inapotaka kukatwa. Daftari la njia linajaza nafasi hiyo ya mwenyewe asiyekuwepo.

Taasisi ambazo wananchi wanapaswa kuzifahamu ni hizi zifuatazo. Sheha ndiye wa mwanzo kupokea taarifa za mambo ya shehia, iwe Kibigija au Kikadini. Halmashauri ya Wilaya hushughulikia mipango ya maendeleo na huduma za wilaya. Kamisheni ya Ardhi inahusika na upimaji, usajili na ramani. Idara inayosimamia misitu inahusika na njia zilizomo ndani ya hifadhi, ukiwemo Msitu wa Muyuni–Jambiani. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale inahusika na mapango, magofu na maeneo ya historia, ambayo Zanzibar imekuwa na sheria ya kuyalinda tangu mwaka 1927. Migogoro ya ardhi isiyomalizika kwa mazungumzo hupelekwa Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Hatua saba za kuandika njia

Hatua ya kwanza ni kuunda kikundi. Watu sita hadi wanane wanatosha: wazee wawili, bibi mmoja na babu mmoja, mlimaji wa mwani, mvuvi, mtu anayezoea maweni kwa kuni au mifugo, na vijana wawili wa kushika simu na daftari. Sheha ajulishwe tangu mwanzo. Kikundi cha wanaume peke yao kitaandika nusu ya njia, kwa kuwa njia za mwani, za makumbi na za maji zinajulikana zaidi na wanawake.

Hatua ya pili ni kuorodhesha majina kabla ya kutembea. Wazee wakae, wataje kila njia kwa jina lake na mahali inapoanzia na kuishia. Jina la njia ni ushahidi. Mahali palipopewa jina kwa mti ambao haupo tena, au kwa kazi ambayo haifanywi tena, huonesha kwamba matumizi yake hayakuanza jana. Jina liandikwe kama linavyotamkwa na wenyeji katika Kikae, bila ya kulisawazisha liwe Kiswahili cha vitabuni.

Hatua ya tatu ni kuitembea njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa watumiaji wake. Kijana mmoja awashe programu ya simu ya kurekodi mwendo. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita chache tu. Chini ya miti mikubwa au karibu na kuta hukosea zaidi. Kwa hivyo njia itembewe mara mbili na michoro miwili ilinganishwe. Penye mashaka, masafa yapimwe kwa futi kamba kutoka kitu kisichohama, kama vile mbuyu, kisima, pembe ya msikiti au mwamba.

Hatua ya nne ni kuandika kinachoonekana ardhini. Mawe ya maweni yaliyopitwa kwa muda mrefu hulainika na kung'ara katikati, ilhali ya pembeni hubaki na makali. Kuta za mawe zinazokwenda pande mbili sambamba huonesha kwamba wakulima wa zamani waliiacha njia kwa makusudi. Visima, makaburi na miti mikubwa ya kivuli navyo viandikwe. Vigae vya vyungu vinavyoonekana njiani vipigwe picha na viachwe palepale, kwa sababu kigae kilichookotwa na kupelekwa nyumbani hakiwezi tena kueleza habari ya mahali kilipotoka.

Hatua ya tano ni kuchukua ushahidi wa maneno. Kila shahidi aulizwe peke yake, ili kumbukumbu ya mmoja isiifunike ya mwengine. Maswali yawe mepesi na ya wazi: Ulianza kuipita ukiwa na umri gani? Ulikuwa ukienda kufanya nini? Ulipita na nani? Uliwahi kuzuiwa? Ulimuomba nani ruhusa? Swali la mwisho lina uzito mkubwa. Mtu anayepita kwa kuomba ruhusa amefanyiwa ihsani, na ihsani huweza kusimamishwa. Mtu anayepita kwa sababu wazazi wake na majirani wote walipita bila ya kuomba, huyo anatumia haki ya jamii. Pale ambapo miaka haikumbukwi, shahidi asaidiwe kwa matukio yanayojulikana: kabla au baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wakati wa vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kabla au baada ya kuanza kwa mwani mwaka 1989.

Hatua ya sita ni kulinganisha na picha na ramani. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na washirika wao, walipiga picha za visiwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kwa uwazi unaofika sentimita chache. Katika picha za namna hiyo njia nyingi za pwani na makondeni huonekana kama mistari myeupe. Hata hivyo, picha haioni chini ya msitu, haisemi jina la njia wala haimjui anayepita. Inathibitisha kauli za mashahidi, lakini haiwezi kuchukua nafasi yao.

Hatua ya saba ni kuisoma kumbukumbu mbele ya watu. Mkutano wa shehia uitishwe, na majirani ambao njia inapita kwao waalikwe kwa majina. Anayepinga asikilizwe na hoja yake iandikwe, kwa sababu daftari linaloficha upinzani halitaaminiwa na mpimaji wala na mahakama. Baada ya hapo kumbukumbu itiwe saini na mashahidi na sheha, na nakala zipelekwe Halmashauri, Kamisheni ya Ardhi na idara nyengine inayohusika. Nakala moja ibaki katika shehia.

Kwa ufupi, kila njia iwe na ukurasa wake wenye mambo haya:

– jina la njia, na majina mengine kama yapo;
– mwanzo, mwisho na urefu;
– upana katika sehemu nyembamba na sehemu pana;
– watumiaji, kazi zao, misimu na nyakati za maji;
– alama za kudumu na ushahidi wa ukongwe;
– vizuizi vilivyopo, na tarehe vilipoonekana;
– majina na saini za mashahidi;
– tarehe ya matembezi.

Yasiyofaa kutangazwa

Kuandika ni jambo moja na kutangaza ni jambo jengine. Baadhi ya njia zinakwenda mapangoni na mahali pa mizimu, ambako baadhi ya koo bado zina desturi zao. Wapo wanaozikubali desturi hizo na wapo wasiozikubali. Kazi ya daftari si kuhukumu baina yao. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba jamii haipati hasara kwa kutoa siri isiyokuwa ya mtu mmoja kuitoa.

Inafaa kwa hivyo kuwa na madaftari mawili. La kwanza ni la wazi, linalohusu njia za pwani, makonde, maji na mji kwa mji. La pili ni la amana, linalohifadhiwa na wazee waliokubaliwa pamoja na sheha, na halioneshwi ila kwa sababu maalumu, kama pale kiwanja kinapotaka kupimwa juu ya njia husika. Pango lililotangazwa kabla ya kuwekewa ulinzi huweza kuvutia wachimbaji wa mali na waandikaji wa majina ukutani. Tahadhari hiyo inahusu pia picha za simu, ambazo aghalabu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa.

Mafunzo kutoka kwengine

Uingereza inatoa funzo kuhusu thamani ya daftari. Sheria ya mwaka 1949 iliyataka mabaraza ya kaunti ya England na Wales kuchora ramani rasmi ya njia za umma za miguu. Njia iliyomo katika ramani hiyo ina ushahidi kamili wa kisheria, na mwenye shamba hawezi kuifunga kwa hiari yake. Lakini njia nyingi za kale ziliachwa nje ya ramani. Mwaka 2000 sheria nyengine iliweka tarehe ya mwisho ya kudai njia za zamani, Januari 1, 2026, na waenda kwa miguu wakaingia mbioni kupekua nyaraka. Tarehe hiyo baadaye ilisogezwa mbele. Nchi iliyoanza kuandika zaidi ya miaka 70 iliyopita bado inatafuta njia ilizozisahau. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema na kuanza kwa ukamilifu.

Tanzania Bara inatoa funzo jengine. Mwaka 2006 njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Maeneo yaliyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Njia ya zaidi ya kilomita 1,000 imebaki kutambulikana kwa vituo vyake, kwa kuwa majengo na makaburi hudumu kuliko vumbi lililokanyagwa baina yake.

Nyumbani Zanzibar pia upo mfano wa kutia moyo. Kupitia mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii, iliyowezeshwa na sheria ya misitu ya mwaka 1996 na kupewa nguvu na mradi wa HIMA kuanzia mwaka 2010, wanavijiji wa shehia nyingi walishiriki kutambua mipaka ya misitu yao na kuitia katika ramani. Waliokwisha kuandika mpaka wa msitu hawatashindwa kuandika njia inayoingia ndani yake.

Kulinda baada ya kuandika

Daftari lililofungiwa kabatini halizuii ukuta. Ulinzi wa kwanza ni matumizi: njia ipitwe, na ile iliyoanza kuzibwa na vichaka isafishwe kwa msaragambo angalau mara moja kila baada ya masika. Usafishaji usizidi upana uliokuwapo, kwa sababu njia ya miguu ikipanuliwa hugeuka ya gari. Alama ziwe za kiasi. Jiwe dogo lenye namba linatosha, na miamba isipakwe rangi.

Ulinzi wa pili ni kuwahi. Kila zinapopatikana habari za kupimwa kiwanja, kikundi kipeleke nakala ya ukurasa husika kwa sheha na kwa mpimaji kabla ya vigingi kupigwa. Ulinzi wa tatu ni maelewano. Mwenye hoteli au nyumba anayo haja halali ya usalama na faragha, na mara nyengine njia inaweza kusogezwa pembeni mwa kiwanja bila ya kumuumiza mtu. Masharti ya kusogeza yawe wazi: njia mpya ifike palepale, isiwe ndefu kupita kiasi, iwe na upana wa kuwapitisha watu wawili wenye mizigo wakipishana, iwe wazi wakati wote wa maji kupwa, hata alfajiri, na makubaliano yaandikwe na kutiwa katika ramani ya kiwanja. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa na msimamizi wa leo haimfungi msimamizi wa kesho.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, ni njia ngapi zinazoshuka pwani, na kila moja inaitwaje? Ngapi kati ya hizo zilikuwapo mwaka 1989 na leo hazipitiki?

2. Ni mzee gani anayejua majina ya njia za maweni, na ni nani aliyekwisha kujifunza kutoka kwake?

3. Ipi katika njia zenu inapitwa kwa haki, na ipi inapitwa kwa ihsani ya jirani? Mmejuaje?

4. Ikiwa mwenye kiwanja ataomba kuisogeza njia, nani anapaswa kushauriwa kabla ya jibu kutolewa, na kwa nini walimaji wa mwani wasikosekane?

5. Njia ipi inafaa kuandikwa katika daftari la amana badala ya daftari la wazi?

Shehia zinazotaka kuanza zinashauriwa kuchagua njia moja tu, ile inayotumika zaidi na inayobanwa zaidi, na kuikamilisha kwa hatua zote saba kabla ya kuingia ya pili. Wakati unaofaa ni asubuhi ya bamvua, pale walimaji wa mwani na wavuvi wanapokuwa njiani wenyewe na wanaweza kuulizwa wakiwa kazini.